Kamwokya baada ya Jumatatu ya Pasaka

Jumamosi Kuu jioni soko la Kamwokya, mtaa wa Kampala, halipitiki. Mikungu ya matoke imepangwa hadi ukingoni mwa barabara, kuku wamefungwa miguu wawili wawili, na akina mama wanaouza majani ya mgomba ya kupikia luwombo hawana nafasi hata ya kuitikia salamu. Inasimuliwa Kampala kwamba luwombo ulibuniwa mwaka 1887 na mpishi wa Kabaka Mwanga, mfalme yuleyule ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa ameamuru Wakristo wachomwe moto Namugongo. Kama masimulizi hayo ni ya kweli, basi wajukuu wa waumini wale wanasherehekea Ufufuko kwa chakula cha jikoni kwake.

Usiku unapoingia, taa za kanisa huzimwa. Nje, mbele ya moto mpya, padri anachora kwenye nta ya mshumaa mkubwa msalaba, herufi za Alfa na Omega na tarakimu nne za mwaka, kisha anachomeka chembe tano za ubani, moja kwa kila jeraha la Kristo. Mshumaa unawashwa, waumini wanapokezana moto, na baadaye Aleluya iliyonyamaza tangu Jumatano ya Majivu inaimbwa tena. Jumapili ni ngoma na vigelegele. Jumatatu ni mapumziko ya kitaifa. Jumanne bodaboda zimerudi kwenye kona zake, spika za madukani zinapiga kelele za kila siku, na kwa watu wengi Pasaka imekwisha.

Kalenda ya Kanisa haijui kitu hicho. Kanuni zilizotolewa mwaka 1969 zinaagiza kwamba siku zote hamsini, kuanzia Jumapili ya Ufufuko hadi Pentekoste, ziadhimishwe kwa shangwe, zikihesabiwa kuwa sikukuu moja. Hesabu ni rahisi: Kwaresima ina siku arobaini, Pasaka ina hamsini. Shangwe imepewa muda mrefu kuliko toba, lakini mazoea yamegeuza mpango huo juu chini. Kwaresima ina ratiba: Njia ya Msalaba kila Ijumaa, kufunga, sadaka ya kujinyima, maungamo. Ikipita Pasaka, mbao za matangazo hujaa harusi zilizokuwa zikisubiri, na pamoja nazo vikao vya michango ambavyo Kampala nzima inavijua na kuviogopa. Muumini Mkatoliki anaweza kutaja alichojinyima wakati wa Kwaresima. Aulizwe alichofanya kwa ajili ya Pasaka wiki ya tatu, atakosa la kusema.

Hapo ndipo linapozuka swali gumu. Je, furaha inaweza kuamriwa? Aprili ni mwezi wa mvua Kampala, na Kamwokya ina sehemu za bondeni. Katika mitaa kama Kifumbira, mvua ikizidi maji ya mtaro huingia chumbani, na mwenye chumba hukesha akiinua godoro na gunia la mkaa. Ng'ambo ya bonde, upande wa Kololo, kuna Acacia Mall na mikahawa ambako kikombe kimoja cha kahawa kinaweza kumeza bajeti ya chakula cha siku nzima cha familia ya mtaani. Kumwambia mtu wa Kifumbira ashangilie siku hamsini mfululizo kunaweza kuonekana dhihaka. Hisia hazitii amri. Anayelazimishwa kutabasamu huishia kuonyesha meno tu.

Ukiitazama historia, utaona Kanisa la kale lilikuwa na akili kuliko tunavyodhani. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, uleule unaokumbukwa kwa Kanuni ya Imani, ulihitimisha sheria zake ishirini kwa jambo linaloonekana dogo: Jumapili na katika siku hamsini za Pasaka, waumini wasali wakiwa wamesimama, wasipige magoti. Tertuliano wa Karthago, zaidi ya miaka mia moja kabla ya hapo, alikuwa tayari ametaja desturi hiyo pamoja na ile ya kutofunga katika kipindi hicho. Maaskofu wa Nisea hawakumwagiza mtu ajisikie vipi. Waliagiza mwili usimame kama mtu aliyekwisha kuachiliwa huru. Kilichoamriwa ni kitendo, nacho kinaweza kutendwa hata na mwenye huzuni.

Karne ya 13 Thoma wa Akwino alilitia jambo hilo katika hoja. Aliuliza kama furaha ni fadhila, akajibu kwamba sivyo: furaha ni tunda la mapendo. Mwenye kupenda hufurahi kwa sababu anayempenda yupo, au kwa sababu mpendwa wake amepata jema. Na mpangilio wa kitabu chake una maana yake. Baada ya swali la furaha yanafuata amani, huruma, kutenda mema, kisha kutoa sadaka. Anayeitaka furaha moja kwa moja, bila mapendo, anatafuta tunda pasipo mti.

Kamwokya ina ushahidi wake wa jambo hilo, na haukutoka kitabuni.

Katika miaka ya 1980 ugonjwa ambao Waganda waliuita silimu, kwa jinsi ulivyowakondesha watu, ulikuwa ukiingia nyumba hadi nyumba. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo. Wagonjwa walifichwa vyumbani, wengine walikimbiwa na ndugu. Wanajumuiya ndogo ndogo za Kikristo za Kamwokya, watu wa mtaa wenyewe, walianza kuwatembelea. Waliwaosha, wakafua mashuka, wakapika uji, wakakaa nao. Kutokana na ziara hizo ilizaliwa mwaka 1987 Kamwokya Christian Caring Community, ambayo baadaye ilikuwa na kliniki, huduma kwa yatima na mafunzo ya kazi kwa vijana. Mwanzo wake haukuwa mradi wa wafadhili. Ulikuwa swali la kikao cha jumuiya: jirani yetu anaumwa, nani atakwenda kesho?

Hiyo nayo ni namna ya kusimama. Anayeingia chumba cha mgonjwa aliyetengwa, akamgusa, ametamka kwa mikono yake kwamba kifo hakina neno la mwisho, hata kama siku ile hakuna wimbo moyoni mwake. Wakosoaji wa dini husema sikukuu ni dawa ya kupunguza maumivu, inayomsahaulisha maskini hali yake. Zipo sikukuu za namna hiyo, na Kampala inazo nyingi. Lakini shangwe inayompeleka mtu kwenye kitanda cha jirani haijamsahaulisha kitu.

Historia ya Uganda inaongeza jambo ambalo halisemwi mara nyingi kwenye mahubiri ya Juni kuhusu mashahidi wake. Mwaka 1886 Pasaka iliangukia tarehe 25 Aprili, siku ya mwisho kabisa inayowezekana katika kalenda. Kwa hiyo tarehe 3 Juni, siku ambayo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo, ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Kati ya mashahidi 22 Wakatoliki, 20 waliuawa ndani ya siku kumi, tangu Denis Ssebuggwawo tarehe 25 Mei hadi wale wa Namugongo. Wote ishirini walikufa ndani ya kipindi cha Pasaka. Kizito, kijana wa miaka kama 14, alibatizwa na Lwanga katika siku hizohizo, hukumu ikiwa imekwisha kunukia. Ni kosa kuiadhimisha damu yao kana kwamba ni nyongeza ya Ijumaa Kuu. Kalenda yenyewe iliwaweka upande wa pili wa kaburi.

Majina mawili kati ya hayo yalibebwa na Askofu Mkuu wa Kampala, Cyprian Kizito Lwanga. Ijumaa Kuu ya mwaka 2021 alishiriki Njia ya Msalaba. Kesho yake, Jumamosi Kuu tarehe 3 Aprili, alikutwa amefariki dunia. Mji ulikuwa tayari na majeraha yake: machafuko ya Novemba 2020, baada ya kukamatwa kwa Bobi Wine, mwanasiasa na mwanamuziki aliyekulia Kamwokya, yaliua watu wasiopungua 54 kwa hesabu ya serikali yenyewe, na kulikuwa na familia zilizokuwa bado zikitafuta vijana wao. Katika hali hiyo makanisa ya jimbo yaliwasha mishumaa ya Pasaka usiku uleule, yakaimba Aleluya kwa sauti zilizokatika. Askofu Mkuu alizikwa katika kanisa kuu la Lubaga Alhamisi tarehe 8, Oktava ya Pasaka ikiwa haijaisha. Asingekuwapo mtu wa kuilaumu Kampala kama ingeiahirisha shangwe. Haikuiahirisha, kwa sababu sikukuu hii haikutegemea tangu mwanzo kwamba watu wawe na raha.

Kwa hiyo neno liende kwa viongozi wa jumuiya, wa Kamwokya na wa kwingineko. Ile orodha ya zamu za Njia ya Msalaba msiibandue ukutani Jumatatu ya Pasaka. Iandikeni upya kwa wiki saba zinazofuata: nyumba ya nani itafikiwa Ijumaa hii, mgonjwa gani atapelekewa chakula, mjane gani atakaribishwa mezani, nani mwenye mtu aliyepotea anahitaji wa kukaa naye. Kuna sala ya Njia ya Mwanga, yenye vituo kumi na vinne vya matukio ya baada ya Ufufuko, ambayo Roma iliisifu katika mwongozo wake wa ibada za waumini wa mwaka 2001 na ambayo parokia nyingi hazijawahi kuijaribu. Ianzeni. Na mnaposali, simameni.