Je, Aliufanya Peke Yake?

Vijana wetu hupenda michezo ya kompyuta, nasi wazee huipita bila kuitazama. Lakini upo mmoja uliotutia fikira.

Mwaka 2011 Eric Barone, kijana wa Marekani, alimaliza chuo kikuu, asipate kazi ya fani yake. Akaanza kutengeneza mchezo wa mtu aliyerithi shamba la babu yake. Kwa miaka minne na zaidi aliandika programu, akachora picha, akatunga muziki na maneno ya kila mhusika. Picha zisizompendeza alizichora upya. Februari 2016 mchezo ukatoka kwa jina la Stardew Valley, na kufikia 2024 nakala zaidi ya milioni 30 zilikuwa zimenunuliwa.

Watu husema aliufanya peke yake. Hatumpunguzii sifa. Lakini chakula kilitoka wapi? Yeye alipata kibarua cha kuwaonyesha watu viti vyao katika ukumbi mmoja wa Seattle. Mzigo mkubwa ulibebwa na mwenzi wake, wala Barone hafichi jambo hilo.

Tuseme mchezo ule usingenunuliwa. Je, mwenzi angekuwa amedhulumiwa? Twadhani sivyo, maadamu aliambiwa kweli, tena akaulizwa upya kila mwaka. Maana aliyekubali mwaka wa kwanza hakukubali bado mwaka wa tano.

Kwetu pia wapo vijana wakeshao mbele ya kompyuta, na umeme hulipwa na mama. Je, mama huyo ameulizwa?