Yosefu Hakungoja Kupambazuke

Herode alipokusudia kumwua Mtoto Yezu, Yosefu alionywa katika ndoto. Hakungoja kupambazuke, wala hakusema kwamba mambo ya mtoto mchanga ni ya mama yake. Usiku ule ule alishika njia ya Misri pamoja nao.

Leo twasema na akina baba. Twavifikiria vijiji vya mbali kama vile vya Kanoni, wilayani Karagwe, ambako mama mwenye mimba aweza kwenda kliniki kwa miguu, peke yake. Mkoani Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini mwetu, mwaka 1983. Zamani zile mama hakuwa na dawa ya kumkinga mwanawe. Leo anayo. Pasipo dawa, katika watoto 100 wa mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa, ama tumboni, ama katika kuzaliwa, ama kwa kunyonya. Mama akimeza vidonge kila siku, na mtoto akapewa dawa yake, hawafiki 5. Tangu mwaka 2013 Serikali ilianza kumpa kila mama mjamzito aliyeambukizwa dawa za maisha yake yote, bila kungoja adhoofike. Kaswende nayo, iuayo watoto tumboni, hujulikana kwa tone la damu na kutibiwa kwa sindano ya penisilini.

Basi, kwa nini watoto wangali wakiambukizwa? Mara nyingi ni kwa sababu ya hofu. Mama hurudi na vidonge, akavificha mgombani, kwani amjua mumewe: atamwambia kwamba yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa, kisha atamfukuza. Siku mume ashindapo nyumbani, vidonge havimezwi, na virusi hupata nguvu. Naye mume mwenyewe hajapimwa! Amejuaje ni nani aliyeuleta? (Pesa ya kahawa ikiisha kulipwa, twajua wengine hulala wapi.)

Ewe baba Mkristu, mbele ya altare uliahidi kutomwacha mkeo katika ugonjwa. Hukuongeza sharti.

Liko na jambo la bibi, mama yako mzazi. Kwa mapenzi yake humpa mjukuu maji na uji angali mchanga, na vyakula hivyo vyaweza kuudhuru utumbo wake na kuvifungulia virusi njia. Miezi sita ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama tu, pamoja na dawa aliyoandikiwa. Mkeo hawezi kumkataza mkwewe, mwambie wewe.

Kwa hiyo siku ya kliniki acheni jembe, mwende wawili, mpimwe wawili. Mtoto naye apelekwe kupimwa atimizapo majuma sita. Na vidonge vikiletwa nyumbani, ondoeni mgombani, mviweke ndani, mahali pakavu, ambapo baba aviona kila jioni na kuuliza kama vimemezwa.