Hasira Yako Inampikia Nani?



Alfajiri hii mama wa mahamri ameshawasha jiko la makaa. Jiko likikaa chini ya karai, watu wanakula. Jiko likipinduka, kibanda kinateketea. Makaa ni yale yale. Moto ni ule ule.

Hasira nayo ni moto. Mkristo hakukatazwa kukasirika. Ameambiwa atazame hasira yake inaunguza nini. Yesu mwenyewe alikasirika ndani ya sinagogi, kwa ugumu wa mioyo ya watu, na papo hapo akamponya mwenye mkono uliopooza. Yona naye alikasirika: Ninawi imesamehewa, mmea wake wa kivuli umenyauka. Mungu alimuuliza tu kama ana haki ya kukasirika.

Mwaka 1994, feri iliyojaa watu kupita kiasi ilipinduka kwenye kivuko cha Mtongwe, hapa Mombasa. Mamia walikufa. Aliyekasirika siku ile alikuwa na haki. Asiyekasirika, mimi ningemshangaa. Lakini hasira zetu za kivukoni, siku nyingi, si hizo, jamani. Ni za kukanyagwa kidole. Ni za makanga aliyebaki na chenji. Nazo tunazibeba hadi kazini, tunammwagia mtu ambaye hata kivuko cha Likoni hajavuka.

Leo ukihisi moto kifuani, usiupepee. Jiulize: nakasirika kwa ajili ya aliyeonewa, au kwa ajili ya jina langu? Ukishajibu, ndipo ufungue kinywa.