Kaniki ya Bibi Zetu

Masomo: Yohana 13:1-17, Matendo 9:36-42



Sisi wenye mvi tunaikumbuka kaniki, ile shuka nyeusi iliyotoa rangi ilipokuwa mpya, kisha ikachujuka kidogo kidogo kwa kufuliwa. Bibi zetu waliivaa shambani, kisimani na jikoni. Humo walibeba watoto mgongoni. Kwa pindo lake waliipua chungu cha moto na kutufuta machozi. Katika fundo la ncha yake walifunga senti chache, na Jumapili fundo lile lilifunguliwa kanisani. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Lakini tukiikumbuka kwa hamu, tuikumbuke pamoja na ukweli wake. Kaniki ilikuwa vazi la wanyonge. Kule Unguja watumwa walivaa kaniki na merikani. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, wanawake wengi walioachwa huru waliziweka kando nguo hizo wakavaa kanga, ionekane kwamba nao ni waungwana. Walifanya vema. Hatuombi siku zile zirudi.

Basi tunachokitamani ni nini? Ni ule utayari. Palipotokea msiba bibi zetu hawakungoja kuitwa. Walifika wamejifunga kaniki, huyu na mtungi wa maji, yule na mzigo wa kuni. Leo tunafika tumependeza, tunaandikisha rambirambi daftarini, tunakaa vitini. Na huko jikoni wapo mama walewale watatu wa kila msiba, macho mekundu kwa moshi. Michango ni mizuri, ndugu zetu, lakini michango haichoti maji.

Usiku ule kabla ya kuteswa, Bwana wetu aliondoka mezani, akavua vazi lake, akajifunga kitambaa kiunoni, akawaosha wanafunzi wake miguu. Hakuna aliyemlazimisha. Alijua ametoka kwa Mungu na anarudi kwa Mungu, na kwa sababu hiyo hakuogopa kuonekana kama mtumwa. Nguo ya kazi anayovikwa mtu kwa nguvu ni aibu ya yule aliyemvika. Anayojifunga mwenyewe kwa upendo ni heshima mbele za Mungu.

Dorkasi wa Yafa alipofariki, wajane walisimama wakilia, wakamwonyesha Petro nguo alizowashonea. Je, siku yetu itakapofika, wajane wa mtaa wetu wataonyesha nini?

Tuanze mwezi huu. Kila nyumba imtafute mzee mmoja aliye peke yake, imjazie maji, imfagilie uwanja, ikae naye kidogo. Na tukifika msibani, kabla ya kutafuta kiti, tupite kwanza jikoni tuulize kazi iliyobaki. Kina baba nasi tusijitoe: aliyejifunga kitambaa usiku ule alikuwa mwanamume.

Bwana atupe moyo wa kujifunga na kutumika. Amina.