Mahali pa Sumu

Kwenye machimbo ya Nyarugusu, nilikokulia, mama yangu aliosha mchanga wa dhahabu mwaloni. Jioni alirudi na donge la zebaki na dhahabu ndani ya kitambaa, akaliweka kwenye kifuniko cha bati na kulichoma juu ya jiko lile lile la mkaa lililotoka kuivisha ugali. Sisi watoto tulilizunguka tukisubiri weupe ugeuke manjano. Hatukujua kwamba weupe ule ulikuwa unaingia vifuani mwetu.

Leo nafundisha biolojia hapa Geita, na kanisani ni mzee. Mwanafunzi wa kidato cha sita aliniuliza: "Mwalimu, wanaojaribu kutengeneza seli maabara, si wanachukua kazi ya Mungu?"

Nilimweleza kwanza wanachofanya. Mwaka 2006 Paul Rothemund, huko California, alichukua uzi mrefu wa DNA ya kirusi, wenye herufi zaidi ya 7,000, akaukunja kwa vipande vifupi zaidi ya 200 hadi ukapata umbo alilolitaka. Hapo DNA haibebi urithi wa yeyote. Ni ubao wa kupachikia vitu. Mwaka 2012 watafiti wa Arizona walipachika juu ya ubao kama huo vimeng'enya viwili. Cha kwanza hubadili glukosi na kutoa haidrojeni peroksaidi, cha pili huipokea. Vilipokaa umbali wa nanomita 10, kazi iliongezeka sana kuliko vilipotenganishwa. Kama sababu ni ukaribu wenyewe au ni DNA inayovizunguka, wataalamu wamebishana. Wengine hufungia mipangilio ya namna hii ndani ya viputo vya mafuta, ili ifanane na seli.

Nabii Ezekieli alionyeshwa bonde la mifupa mikavu. Mifupa iliungana, ikapata mishipa, nyama na ngozi, na bado ikalala. Pumzi ilikuja baadaye, na haikutoka kwenye mifupa. Watafiti hawa wako kwenye hatua ya mifupa, wala si wezi. Vimeng'enya vyao wamevikuta: kimoja hutoka kwenye kuvu, kingine kwenye mzizi wa mmea. Kupanga si kuumba. Lakini tusikudharau kupanga, maana hata katika bonde lile Mungu hakuiruka hatua ya mifupa.

Nikiwa bado naeleza, swali likanigeukia mwenyewe. Haidrojeni peroksaidi ni sumu, na ini letu huitengeneza kila siku. Ila sehemu yake kubwa huizalisha ndani ya vifuko vidogo viitwavyo peroksisomu, na humo humo imo katalesi, kimeng'enya kinachoivunja kuwa maji na oksijeni. Mwili wa mama uliiweka sumu hiyo jirani na kinachoimaliza. Jiko lake liliiweka zebaki jirani na watoto wake. Simlaumu, hakuambiwa. Sisi tumeambiwa. Na zebaki ni elementi: hakuna kimeng'enya kitakachoivunja ikaisha.

Ndugu yangu wa machimbo ya Nyarugusu, ya Rwamgasa, ya Mgusu, kabla hatujabishana kuhusu maabara za mbali, tuitoe zebaki jikoni. Ikibidi kuichoma, ichomwe mbali na nyumba, ndani ya chombo kilichofungwa kinachounasa mvuke wake. Kutoa uhai hatukupewa. Kuweka kila kitu mahali pake tumepewa, na tutaulizwa.