Je, Picha Yaweza Kusema Uongo?

Ni nani kati yetu, huku Kisarawe na Kibaha, asiyejua desturi ya vitendawili? Mtegaji huficha, wala hakatazwi kuficha. Wakishindwa humpa mji, naye huwafumbulia. Ndipo wote husema, Kumbe! Lakini akitega kwamba nyumba yake haina mlango, kisha jibu likawa nyumba yenye milango miwili, watamnyang'anya mji wao.

Shtaka kama hilo lilimpata Alfred Hitchcock, mzaliwa wa London, mtengenezaji wa sinema aliyesifiwa sana kwa hadithi za mauaji na siri. Katika picha yake ya mwaka 1950, iitwayo Stage Fright, kijana Jonathan amkimbilia rafiki yake Eve, amwambia ya kuwa Charlotte, mwanamke mwimbaji, amemwua mumewe na kumjia na nguo yenye damu. Nasi twaonyeshwa nguo ile na damu ile. Hata mwisho yafunuliwa kwamba mwuaji ni Jonathan mwenyewe, na habari tuliyoonyeshwa ilikuwa uongo wake. Mwaka 1962, alipohojiwa na Mfaransa François Truffaut, Hitchcock alikiri kwamba haikumpasa kufanya hivyo.

Mimi naona alikiri upesi mno. Msimulizi akisema, Sungura alimwambia Fisi kwamba kisima kimekauka, nani atamwita msimulizi mwongo? Uongo ni wa Sungura. Lugha yetu ina neno dogo lenye kazi kubwa, nalo ni eti. Sauti ya Jonathan iliyoanza kusimulia ndiyo iliyokuwa eti. Lakini damu ilipoonekana, macho yaliisahau sauti.

Nasi twafanya vivyo hivyo pasipo sinema. Mtu amjia katekista usiku, alia, amtaja jirani kuwa mwizi au bibi kizee kuwa mchawi. Moyo wa msikilizaji wachora picha mara moja, na baada ya siku mbili aisimulia kama aliyekuwapo. Eti imekwisha kuanguka njiani.

Basi, je, Eve ana hatia? Kwa kumhurumia rafiki, hapana. Wala hakuwa mvivu: alijifanya mtumishi wa Charlotte, akapeleleza kwa bidii nyingi. Lakini kila alichokitafuta kilikuwa cha kuithibitisha habari aliyoipokea. Kwa muda mrefu hakumpima yule aliyeileta.