Walimu Wawili, Kazi Moja

Barnaba na Paulo walifundisha pamoja mwaka mzima katika Kanisa la Antiokia. Lakini lilipozuka shauri la kumchukua Marko safarini, waligombana, wakaachana. Paulo hakumtaka mtu aliyewaacha kule Pamfilia; Barnaba alitaka kumjaribu tena. Lakini baadaye Paulo, akiwa kifungoni, alimwagiza Timoteo amlete Marko, kwa maana alimfaa katika utumishi. Saburi ya Barnaba ilikuwa imemtunza mtumishi ambaye ukali wa Paulo ulikuja kumhitaji.

Ndivyo ilivyo katika shule zetu. Mwalimu mmoja huandika maandalio yake juma zima kabla. Mwenzake hufundisha kwa nyimbo na maswali. Huyu humwita yule mvivu, yule humwita huyu mkaidi. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Nazo nyasi ni watoto wetu.

Basi, walimu, patanani juu ya lengo, kisha kila mmoja aachiwe njia yake. Penye kosa la kweli, ambianeni faraghani. Nanyi wazazi, msimtweze mwalimu mbele ya watoto. Roho Mtakatifu hakumpa mtu mmoja vipaji vyote, ili tuhitajiane.